Diski ya Marehemu Larusi

Kairawan, 18 Ramadhani

Kwa kaka yangu mpendwa, Sidi Bashiri,

Amani ya Mola na rehema zake ziwe juu yako. Namwomba barua hii ikukute goti lako limepoa na saumu imekuwa nyepesi kwako. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mwenyezi Mungu. Naziha ataongeza salamu zake chini, kama afanyavyo katika kila barua ninayokuandikia.

Unaikumbuka kompyuta aliyokuja nayo nilipomwoa, ile ya marehemu mumewe, Sheikh Larusi msomaji. Ina diski mbili: ya kwanza huiendesha mashine na kuadhini nyakati za sala, ya pili imehifadhi sauti ya marehemu akisoma msahafu mzima. Kwa miaka sita, kila baada ya alasiri, Naziha huketi mbele yake akimenya vitunguu saumu na kusikiliza. Nami nimefundisha Qur'ani miaka arobaini, kaka yangu, wala hajapata kuniomba nimsomee hata aya moja.

Mwanzoni mwa mwezi huu diski ya pili ilitoweka. Kompyuta ikawa kama mtu aliyepigwa na jua: tarehe imerudi Januari ya mwaka wa zamani, na mchana kweupe yenyewe inasema ni usiku wa manane. Naziha akamwita jirani yetu Hatimu, fundi wa simu mstaafu. Aliizima na kuiwasha mara tatu, akasema mashine haiioni diski hata inapoamka. Huenda waya umelegea, afadhali afungue kifuniko. Nilimwambia aiache hadi baada ya Idi, maana kizee hicho kimechoka. Akacheka: Sidi Tijani, mbona unakionea huruma kuliko mwenye nacho? Akarekebisha saa, akausahau mwezi, akaenda zake. Mashine ikabaki Januari, ambapo jua huzama mapema.

Juzi upepo wa vumbi uliutia mji giza. Mimi nilikuwa msikitini. Naziha, madirisha yote yamefungwa, alikuwa akikaanga briki, zile sambusa za mayai, aliposikia adhana ya magharibi kutoka kompyutani, akafungua kwa tende na maji. Saa nzima baadaye ndipo mnara ulipoadhini. Niliporudi nilimkuta analia. Akaniambia mimi ndiye mwanachuoni wa nyumba hii, basi nimjibu: analipa au halipi? Nikajibu kwa sauti ya darasani kwamba siku moja yampasa.

Kaka yangu, waya haukulegea. Niliuchomoa mimi. Naziha alipokwenda kumzuru dada yake, nilizima umeme, nikafungua kifuniko kwa bisibisi, nikaiondolea diski ya pili waya wake. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa zamani. Umeme ulipokatika, mashine ikasahau tarehe. Mimi, ninayewaonya watu juu ya husuda kila Ijumaa, nimemhusudu maiti, na saumu ya mke wangu ndiyo iliyolipia.

Leo asubuhi nimeurudisha waya. Diski imeonekana. Nikasikiliza sura moja, peke yangu. Anasoma vizuri kuliko mimi. Nimekiri hilo, na bado moyo unaniuma.

Mara mbili nimesimama mlangoni pa jiko nimwambie, mara mbili nikaishia kuomba chumvi. Kwa hiyo bahasha sitaifunga mimi. Niombee msamaha kwa Mola, uwasalimie wote wa nyumbani Gafsa. Hapa chini nimemwachia Naziha nafasi yake.

Nduguyo mkosefu,
Tijani

Shemeji Bashiri, salamu nyingi. Nimeisoma. Bisibisi niliikuta chini ya msala wa nduguyo siku ya pili tu baada ya diski kutoweka, nikasema nimngoje aseme mwenyewe. Siku yangu nitailipa baada ya Idi, naye atafunga pamoja nami, apende asipende. Na umwambie nduguyo: kwetu sheikh haombwi kusoma nyumbani kwake. Larusi hakuwahi kungoja kuombwa.
Naziha