Mkwe Niliyemshika Shingo

Kivaa,
kwa njia ya Kithyoko,
Machakos.
Jumapili, 27 Julai 2003.

Mutindi! Kasiva wetu amewashinda wote mlimani, amepata mtu wa kumuoa, na mimi mama yake, kwa mikono yangu hii miwili, nimemshika mkwe wangu shingo!

Mpendwa dada yangu, sasa ngoja nivute pumzi nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Hujambo huko Malindi? Shemeji Zaki hajambo? Miguu yake bado inafura, au joto limeihurumia? Na Pili, bado anakataa uji? Sisi huku ni wazima. Reuben wangu anakohoa kidogo na baridi hii ya Julai, lakini sauti ya kuitisha chai haijapungua hata kidogo. Mbaazi zimekubali. Nimekuwekea debe moja, usiambie mtu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana mpaka leo naona kama niliota.

Mwishoni mwa mwezi uliopita kulikuja watu wa Nairobi na magari yao ya kupanda mawe. Hao, dada, barabara wanaikimbia! Wanatafuta pahali hata punda angekataa, na gari likikwama wanapiga makofi. Basi wakaandaa mashindano katika mlima wetu. Kila timu ilikuwa na gari moja na mkimbiaji mmoja. Mkimbiaji anapanda kwa kijia cha miguu, gari linazunguka nyuma ya mlima, wanakutana juu. Dereva anampa kitambaa chekundu, naye anateremka nacho mbio hadi uwanja wa shule. Gari likichelewa, mkimbiaji atangoja huko juu kwenye baridi huku wenzake wakimpita.

Unamjua Kasiva, akajiandikisha kukimbia. Hata alipokuwa Athi River akishona suruali pale EPZ, alikuwa anakimbia alfajiri kabla ya kuingia kazini. Miguu ile ni ya kwetu. Isiwe mtu akakwambia ni ya akina Reuben, maana Reuben hata mvua haikimbii.

Sasa wakasema kila gari libebe mwenyeji mmoja wa kuonyesha njia. Nikasimama kabla hawajamaliza kusema. Nani anaujua mlima wa Kivaa kuliko mimi? Si tumeokota kuni huko mimi na wewe tangu hatujaota meno ya pili?

Kasiva akanivuta kando. "Mama, usipande hilo. Panda lile jeupe."

"Unaona aibu na mamako mbele ya wageni? Nitapanda hilo hilo lenu."

Akafungua mdomo. Akaufunga.

Ilikuwa landrova kuukuu ya kijani, na dereva kijana mrefu mwenye shati la bluu. Nikamsalimu, akaitikia huku ameangalia usukani. Nikanyoosha mkono, akaanza kutafuta gia. Nikasema moyoni, huyu ana madharau, lakini gari halina kiti kingine.

Dada, ule ukungu! Ulikuwa umeulalia mlima wote, mweupe, mzito, unaingia dirishani na kunigusa uso kama nguo iliyolowa. Miti ilikuwa inakuja, inatuangalia, halafu inaondoka. Gari lilikuwa linapanda polepole, linapanda, sioni chini wala juu, mpaka nikahisi kwamba hatuko kwa mawe tena, tunaelea. Pembeni, mbali kidogo, nikawa nasikia miguu. Pa, pa, pa. Nikajua ni mtoto wangu anapita mahali ndani ya huo weupe. Nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini.

"Kijana, wewe ni bubu?" nikauliza.

"Hapana, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Hujakula. Mtu aliyekula haendeshi gari namna hiyo." Nilikuwa na muthokoi wangu kwenye kibakuli ndani ya kiondo, ule wa mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mikono yake ilikuwa kazini, kwa hivyo nikampelekea kijiko mpaka mdomoni. Mimi mwenyewe nikala na kijiko hicho hicho. Yeye akafunga macho kidogo, akameza. Jasho lilimtoka na baridi yote hiyo. Nikadhani ni pilipili.

Tukafika pale palipokuwa na mkuyu wetu wa kupumzikia. Mkuyu haupo! Hata kisiki sikukiona. Nikamwambia apinde kushoto.

"Mama, huko ni mawe matupu."

"Nimezaliwa hapa! Pinda."

Akapinda. Dada, hakukuwa na njia, ilikuwa ni jabali kama ukuta. Gari likalala upande wangu na nikaona mawingu chini ya mlango. Nikamrukia. Nikamshika shingo kwa mikono yote miwili, kichwa changu kifuani mwake, nikamwita mama yetu aliye kaburini anipokee. Hakunisukuma. Aliendelea tu kukanyaga kidogo kidogo, na lile gari likainuka kama ng'ombe anayetoka kwenye tope, nyuma kwanza, halafu mbele, na ghafla tukawa kwa jua.

Huko juu hakukuwa na ukungu, wote ulikuwa chini yetu kama pamba iliyomwagwa. Maji ya Masinga yalikuwa yanachungulia mbali, na Mlima Kenya umekaa juu ya hewa, hauna miguu. Nikasahau kumwachilia. Kweli nakwambia, nilikaa nimening'inia kwenye ile shingo nikiangalia dunia.

Na kutoka ndani ya ile pamba akatokea Kasiva anakimbia, mwembamba, anang'aa, kama mtu anayetoka ndotoni. Akatuona. Mbio zote hizo, akasimama.

Yule kijana akatoa kitambaa dirishani bila kugeuza kichwa. "Kasiva, chukua! Kimbia!"

Akachukua. Akakimbia. Lakini alivyoniangalia kwanza, Mutindi, nikaachilia ile shingo kama niliyeshika sufuria ya moto.

Kijana akashuka, akaenda nyuma ya gari, akakaa chini akanipa mgongo, akajifunika kichwa na koti.

"Umeumia?" nikauliza.

"Mama, mimi ni Nzuki wa Mzee Urbanus wa Kithyoko." Akaongeza chini chini, "Baba alikuwa anataka kuja kwenu mwezi ujao."

Hapo nikaelewa kila kitu. Nikaelewa kwa nini mkono wangu ulikataliwa, na kwa nini Kasiva alifunga mdomo, kwa sababu msichana atamwambiaje mama yake jambo ambalo wazee hawajaja kulisema? Wewe unajua nthoni yetu. Mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Na mimi nimemlisha, nimemkumbatia, nimemlalia kifua! Nikazunguka upande wa pili wa gari, nikajifunika leso. Tukakaa hivyo, landrova katikati, sisi wawili na mawingu.

Kurudi ningepandaje? Nikavua viatu nikashuka kwa miguu peke yangu. Ule ukungu ukanipokea tena. Nilipita pale ulipoangukia ukavunjika jino, nikapita kile kichemchemi, bado kinatoka. Kila mahali matope yalikuwa na alama za miguu ya Kasiva, zimeachana sana, utafikiri alikuwa anagusa ardhi mara moja moja tu. Nikawa naweka mguu wangu ndani ya alama yake, halafu nyingine, naomba, Mungu wangu, nisiwe nimemharibia. Nilipofika chini walikuwa wamembeba mabegani. Alikuwa wa kwanza! Wanaume wenye viatu vya bei wako nyuma yake wanatapika. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, lakini yeye hakuangalia upande wangu.

Hakuongea na mimi siku zilizofuata. Alikuwa anatoka kukimbia na kurudi, ananywa maji, analala. Jirani wakasema shingo ya mkwe ikishikwa hakuna ndoa tena. Dada, nililia jikoni, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Juzi Alhamisi Mzee Urbanus akaja na wazee wenzake wawili. Nikajificha jikoni, sikio kwenye ukuta. Reuben akawaeleza kila kitu, hata kijiko hakukiruka.

Mara nikasikia mzee anacheka mpaka anakohoa.

"Reuben, kijana wangu ameleta ntheo ya kumposa Kasiva hapa?"

"Bado."

"Basi mbuzi za ntheo zikiwa bado ziko kwangu, huyo si mama mkwe. Huyo alikuwa abiria." Wakacheka wote. "Lakini sasa tumejuana. Nitaongeza mbuzi mmoja na blanketi ya mama, tutengeneze nthoni. Na huyo mama asipande tena gari la kijana wangu!"

Kasiva alikuwa nyuma yangu, sijui aliingia saa ngapi. Akaniwekea kidevu begani. "Mama," akasema, "ulimwonyesha njia mbaya, na bado alikufikisha."

Basi dada, huyo ndiye mkwe wetu. Wewe pia ni mama wa Kasiva, kwa hivyo huwezi kukaa naye. Tutajificha pamoja jikoni, na nitakuonyesha ile shingo kupitia tundu la ukutani.

Msalimie sana shemeji Zaki, umwambie Habibu wa duka pale Kithyoko, Mwislamu mwenzake, atamchinjia mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe, asilete kisingizio. Mbusu Pili kwa niaba yangu. Reuben anawasalimu, na Kasiva anasema mje na nazi. Mungu aliyetushikilia kwenye lile jabali awashikilie na nyinyi njia yote.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda tangu siku za kuni,
Mbinya, mama wa mshindi.

Ntheo ni Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Agosti. Njooni wote.