Potwe Alimkana Ngisi

Somo yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Hapa kijijini Kanga tu wazima, na mama yako hajambo, ila macho. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu kitabu chako nacho umekitoa wazi, na uliyoyafanya humo umeyafanya mbele za watu.

Nimekisoma. Shemeji yako alikwenda Dar kutafuta kipuri cha mashine ya boti, akakiona kwenye meza ya muuza magazeti, akalitambua jina lako, akaniletea. Karatasi inateleza, rangi zinawaka, na jaladani shujaa wako Potwe amesimama kifua mbele. Nililia, somo. Nililia kwa furaha mpaka nilipofika ukurasa wa kumi na mbili.

Nikukumbushe, na asiyetujua asikie. Sote wawili tulipewa jina la Mwanahawa, ndiyo maana hatujawahi kuitana vingine ila somo. Darasa la tano tulikaa dawati moja, tukaanza kuchora mashujaa nyuma ya madaftari ya hisabati. Wako alikuwa Potwe, mwanamke mwenye nguvu za yule papa mkubwa asiyeuma mtu, anayesukuma meli kwa bega. Wangu alikuwa Ngisi, mdogo, hana kitu ila wino: akiumwaga, yeye na aliye naye hawaonekani. Wewe ulichora, mimi niliandika maneno. Tulitumia kalamu ya wino makusudi, kwani wewe ndiye uliyeweka sheria. Ulisema, "Kilichochorwa kimechorwa. Hatufuti." Shujaa akivunjika mkono kitabu cha kwanza, kitabu cha pili lazima awe na bendeji. Siku moja niliisahau bendeji hiyo kwenye maneno yangu, ukaninunia hadi tulipotoka shule.

Darasa la saba daftari la kitabu cha pili likakamatwa. Adui mkuu ulikuwa umempa kipara na miwani ya mwalimu mkuu, tena vilifanana mno. Tuliitwa ofisini. Mwalimu akauliza ni la nani. Baba yako alikuwa ameshaapa kwamba kesi nyingine shuleni ingekuwa mwisho wako wa kusoma. Nikasema ni langu peke yangu, kuchora na kuandika. Nilivuliwa ukiranja, nikafyeka nyasi wiki nzima huku wenzangu wakiwa darasani wanajiandaa kwa mtihani. Wewe ukafaulu. Mimi sikufaulu. Sisemi nyasi ndizo zilizoniangusha, Mungu ndiye ajuaye, lakini nazikumbuka.

Hukusema ahsante. Ulichora. Kitabu cha tatu uliniletea mkononi: Potwe amenaswa kwenye nyavu za chuma, chuma kimemchana bega, na Ngisi anamwaga wino wake wote, hata tone la mwisho, ili Potwe atoroke. Tangu hapo Ngisi hawezi kujificha tena, maadui wote wanaijua sura yake. Na chini, mahali ambapo mimi ndiye niliyekuwa nikiandika maneno, uliandika wewe kwa mkono wako, Potwe akiapa: "Siku utakayoniita, nitaacha vita nije." Nilielewa ni nani anayemwambia nani.

Sasa ukurasa wa kumi na mbili. Ngisi amezingirwa. Anamwita Potwe kwa jina. Potwe anageuka, anamtazama, anawaambia askari, "Huyu simjui." Ukurasa unaofuata tunaambiwa Ngisi alikuwa msaliti siku zote, na anakufa bila hata neno moja la kujitetea.

Nilikupigia simu. Ulicheka. Ukanieleza kwamba mhariri wako alitaka msaliti, na Ngisi ndiye aliyekuwa karibu. Kisha ukasema neno ambalo mpaka leo linaniwasha: "Somo, zile zilikuwa za kitoto. Hii ni hadithi mpya. Ya zamani hayahesabiki."

Hayahesabiki kwa nani? Kama ulitaka shujaa asiyewiwa fadhila na mtu, ungemzaa mpya. Lakini Potwe umemchukua mzima, na nguvu zake, na mwendo wake, na hata lile kovu la begani. Kovu umelibakiza, aliyemtoa kwenye nyavu umemfuta. Mtu wa namna hiyo hapa kwetu ana jina lake, nawe unalijua, sitaliandika. Wala usidhani nadai jina langu liwekwe jaladani. Kaa nalo peke yako jalada. Nadai kiapo, kwa sababu mimi sikukiandika, ulikiandika wewe.

Na haya bado si yaliyoniumiza zaidi.

Ijumaa iliyopita baada ya alasiri nilikwenda kwa mama yako, kama niendavyo kila wiki. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, picha anaziona kama moshi. Alikuwa barazani na majirani wawili wakisuka ukili wa mikeka. Alikuwa amesikia habari za kitabu, akaniomba nimsomee. Mashujaa wetu anawajua tangu tulipokuwa tukichafua mikeka yake. Nikasoma. Nilipofika ukurasa wa kumi na mbili, nikaishia pale Ngisi anapoita.

Akauliza, "Ngisi kamwita. Mwenzake kafanyaje?"

Nilikuwa na kila haki ya kumwambia. Nikamtazama yale macho meupe, mikono ameikunja mapajani, anangoja.

"Kaacha vita, mama. Kaja."

Nikaendelea kubuni mpaka mwisho, nikifunua kurasa nisizozisoma. Mama yako akashusha pumzi, akasema, "Nilijua. Yule nimemlea mwenyewe."

Basi nimekusitiri tena, somo, na safari hii hukuwepo hata kunitazama. Nilirudi nyumbani na hasira kubwa kuliko niliyokwenda nayo, na wala haikuwa ya kitabu tena. Mama yako anamsifu binti ambaye miaka minne hajakanyaga Kanga. Anaendelea kumtetea kwa watu, na mimi nimempa la kumtetea nalo.

Kabla sijaondoka aliuliza nani atamsomea sehemu ya pili ikitoka. Nikamjibu kwamba utakuja wewe mwenyewe. Majirani walisikia, na mmoja wao jana kanisimamisha njiani kuniuliza ni lini. Hilo sikulitunga kukusitiri. Njoo ukae pale barazani, umwambie kwa kinywa chako Potwe alifanya nini, au umdanganye kama nilivyomdanganya mimi, uone kama ni mambo ya kitoto. Mimi sitamsomea tena.

Nakuaga nikiwa na hasira, na kitanda nimekutandikia.

Somo yako,
Kanga