Rangi Ndani ya Jiwe la Mama

Jumanne, Yamumbi. Mvua tangu asubuhi, na baridi.

Ndugu yangu Leah, nakusalimu katika jina la Yesu. Habari ya Turbo? Lile goti limepoa? Sisi wazima, ila watoto wanakohoa. Najua hili daftari letu la kuandikiana likikufikia na lori la mahindi utaanza kutafuta habari mbaya. Hakuna.

Leo nimeona ndani ya jiwe la mama.

Lile la kusagia wimbi, alilobeba mgongoni kutoka Cherangani alipoolewa. Ng'ombe alilikanyaga, ukingo ukamegeka. Nikampelekea kipande yule mzungu wa mawe ninayemfulia nguo. Nilitaka kujua kama yale madoa mekundu, tuliyoyagombania tukiwa wadogo, ni vito kweli.

Akakikata, akakisugua juu ya kioo mpaka kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu, mwanga ukapenya. Kisha akakiweka chini ya hadubini, ile mashine yake ya kukuza vitu, akaniita nichungulie.

"Mama, funga jicho moja. Si hiyo, ingine!"

Leah, nilishtuka. Buluu, manjano, waridi, na akizungusha kisahani zinabadilishana. Nikamwuliza kama ameweka vile vioo vya rangi vya kanisa.

Akacheka. "Hapana. Ni jiwe yako tu, ile sehemu ya kijivu."

"Na yale mekundu?"

"Ni hii nyeusi. Ni kito, ndiyo, lakini kwa hii mwanga hapana waka, hata ukizungusha mpaka kesho. Na imepasuka sana. Hakuna mtu atanunua."

Mekundu yetu! Giza tupu. Na kijivu tuliyoikalia, ndiyo inayong'aa.

Nilifua shuka zote nikimkumbuka mama amepiga magoti alfajiri, anasaga huku anaimba, nasi tumelala chini ya ngozi ya ng'ombe tunamsikia. Uji wake ulikuwa na mchanga. Tukitema, anatukemea, "Mezeni, si ni jiwe letu?"

Kumbe tulikuwa tunameza zile rangi.

Sasa mzungu ameliomba jiwe lote. Anahamia Nairobi Jumamosi, anataka kulikatakata wenzake waone. Nimesali, sijapata jibu. Ni kweli siku hizi tunakwenda kusagisha unga kwa mashine ya posho, na kuku ndio wanaolilalia chini ya ghala. Lakini lile bonde katikati ni mikono ya mama iliyolichimba. Likikatwa, nitawaonyesha nini wajukuu?

Moyo wangu unasema hapana. Lakini unanijua mimi kwa kung'ang'ania vitu, na jiwe ni letu sote wawili.

Lori linarudi Alhamisi. Tafadhali nijibu upesi, tumpe au tumnyime.

Dada yako, Rebeka