Mstari wa Sita

S.L.P. 218
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada,

Salamu nyingi. Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila uchovu. Macho ya Mama hayajapona, anaendelea na dawa ya matone.

Barua yako ilifika Jumanne, wiki tatu zilizopita. Mwanao, chiriku wako, alimsomea bibi yake tangu salamu hadi sahihi, bila kukwama, akipumua kwenye kila mkato. Alipomaliza akaikunja, akauliza, “Bibi, sasa mama anakuja Ijumaa au Jumamosi?”

Mama alinigeukia. Nikamwambia mtoto arudie mstari wa sita, pale ulipoandika kwamba mkataba wako wa kazi huko umeongezwa miaka miwili. Akausoma vizuri kabisa.

“Maana yake nini?”

“Kwani nimekosea wapi, mjomba?”

Mama akasema hata redio husoma habari, lakini jaribu kuiuliza imesema nini.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni kusema mtoto anasoma bila kuelewa. Mwalimu wake hakubisha. “Ndugu yangu, maneno themanini kwa dakika, nani kama yeye? Nina watoto sabini na wawili. Nikimuuliza kila mmoja ameelewa nini, tutalala hapa.” Tena yeye alionekana kuchoka kuliko mimi.

Kwa hiyo jioni nikitoka kazini tunakaa mezani. Anasoma sentensi moja, anaifunika kwa kiganja, ananiambia imesema nini kwa maneno yake. Tulianza na karatasi ya dawa ya bibi yake. Siku ya kwanza aliisoma yote, kisha akabaki ameshika chupa, hajui afanye nini. Sasa yeye ndiye anayemtia Mama matone, mawili kila jicho. Ni kazi ya polepole, na siku nyingine nasinzia kabla yake.

Jana aliitoa barua yako mwenyewe. Aliufunika mstari wa sita kwa kiganja. Kisha akasema, “Mama akirudi nitakuwa na miaka kumi na mmoja.” Hakulia. Aliomba kalamu.

Mama anakusalimu, na fundi cherehani wa mlango wa pili pia. Mungu akulinde huko uliko.

Karatasi yake imo humu. Ina swali moja, sikulisahihisha. Usinijibu mimi, mjibu yeye, kwa sentensi fupi. Ataelewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima.