Ngazi ya Hoteli na Tepu ya Mama

Mpendwa Baba,

Ngazi yako imesimama. Nalitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, salamu usingezisikiliza.

Unakumbuka zile Jumamosi nilipokuletea chakula kazini, kwenye mlango wa hoteli ile ya zamani mjini? Ugali ulipoa huku wewe ukinionyesha dari. Kwetu Bukavu, Kongo, ulikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Johannesburg ulivaa sare ya mlinzi, lakini macho yako yalibaki yale yale. Aliyeichora hoteli ile ulimpenda kama ndugu. Jina lake hatukulijua, tukamwita Mzee wa Hoteli. Ulinisimulia uliyoyasikia hotelini, kwamba alifika hapa karne ya kumi na tisa, watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu, akaanza kwa kuchora mazizi ya farasi, kisha hoteli za mabati, mwishowe za matofali zenye veranda pana. Zote zilibomolewa, ikabaki hii moja.

"Furaha, angalia kidato cha kwanza cha ngazi," ulisema. "Iko pana kuliko zingine, tena iko chini. Mzee alijua mgeni anafika amechoka. Inamwambia, karibu, panda pole pole."

Kila mapumziko ya mchana uliipima ngazi ile kwa tepu ya Mama ya kushonea, ukaichora kwenye daftari langu la hesabu. Nami nilikuonea haya, Baba. Shuleni nilisema baba yangu huchora hoteli. Siku uliyokuja mkutano wa wazazi na sare yako, nilikupita kama sikujui. Tulipofika nyumbani, mtaa wa La Rochelle, uliniuliza tu kama nimekula.

Mwaka uliofuata wewe ulitutoka, Baba. Paa la hoteli likavuja, ngazi ikaoza. Mwaka huu wenye jengo walipoanza kulikarabati walisema vipimo vya ngazi havipo, basi watang'oa mabaki na kuweka ya chuma. Nikawapelekea daftari. Fundi mbao wao, Mtanzania wa mtaa wa Turffontein, alilinganisha michoro na vidato vichache vilivyosalia, akatikisa kichwa.

"Dada, vipimo vyote vimepungua. Eish, mzee aliyepima hizi alikuwa anakisia."

Wewe, ukisie! Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mama alinisikiliza, halafu akacheka mpaka na yeye machozi yakamtoka.

"Tepu yangu ilishavutika, miaka mingi! Mi napima nayo, nakata nayo, kosa haionekane. Baba yako hakuniuliza hata siku moja."

Kuuliza si ujinga, Baba. Mchoraji mzima, tepu ya kitambaa ikakushinda! Mama aliitoa kwenye droo ya cherehani, akaikunja mkononi mwangu. "Mupelekee fundi. Akate na hii hii, asichanganye na ingine."

Fundi aliilaza juu ya kidato cha zamani. Akasoma namba, akatazama daftari, akasoma tena: zililingana. "Aisee," akasema taratibu. "Mzee hakukisia. Sharp, sawa, tunakata na hii." Wiki tatu nzima alifanya kazi tepu ikining'inia shingoni kama fundi cherehani, na hakuna ubao uliokataa.

Jana msimamizi alikuwa akiandika majina kwenye karatasi za jengo. La Mzee wa Hoteli limepatikana kwenye hati za zamani. Akauliza vipimo vya ngazi ni vya nani. Nikajibu kwa sauti, mafundi wote wakisikia: "Ni vya baba yangu. Alikuwa mlinzi wa mlango huu." Ameliandika jina lako chini ya lile la Mzee.

Kisha nikakanyaga kidato cha kwanza. Kweli ni kipana. Nilisimama pale nikikukumbuka. Nisamehe ile siku ya shule. Najua ulishanisamehe, lakini sikuwahi kukuomba, wala swali lako sikulijibu.

Ndiyo, Baba. Nimekula.

Binti yako