Macho Yako Yakiwa Wazi

Shangazi yangu mpendwa,

Leo nimetoka kanisani, na watu wa Kagarama bado wanakutaja kana kwamba umesafiri tu kwenda Bukoba. Tulikuzika mwaka jana, najua. Lakini haya niliyo nayo sina wa kumsimulia ila wewe.

Unaikumbuka ile kamera ya filamu uliyoninunulia nilipopata kazi ya ofisini kule Kacyiru? Ulisema, "Anayekaa kwenye kiti kutwa lazima awe na kitu cha kumtoa nje." Basi kila Jumapili nikawa napiga picha: wanakwaya, watoto wa jirani, mvua ikishuka barabarani. Na wewe. Ila wewe, kamera ikilia tu, unafumba macho. Napeleka filamu mjini kusafishwa, nangoja, narudi na bahasha, tunaifungua pamoja mezani, na umefumba tena! "Huyu kazi yake kulala," ulikuwa ukisema, tunacheka hadi chai inapoa.

Kisha fundi aliyekuwa akinisafishia filamu akafunga duka. Wapiga picha wote niliowajua walikwishahamia dijitali, mimi nikagoma. Niliona ni mashine ya wavivu. Ulinisikiliza nikilalamika jioni nzima, mwisho ukasema, "Wewe mtoto, mimi nimejifunza simu ya kugusa nikiwa na mvi. Wewe unaogopa nini?"

Mwezi ule nikaja nyumbani na kamera ya dijitali.

Nikakukalisha barazani kwenye mwanga wa asubuhi. Nikapiga, nikakukosa. Nikapiga tena na tena, sina hofu ya filamu kuisha, mpaka ukachoka kufumba. Nikakugeuzia kioo cha kamera ujione. Safari hii hukucheka. Ulijishika shavu, ukasema kwa sauti ndogo, "Ni mama pe! Ni mama kabisa."

Wewe na baba mliikimbia nchi hii mkiwa wadogo, mkaingia Tanzania bila picha ya mama yenu hata moja. Bibi nilikuwa nikimsikia tu kwenye maneno yenu. Asubuhi ile nilimwona kwa mara ya kwanza, na wewe ukamwona tena baada ya miaka yote ile. Tangu hapo, picha hazikuwa tena mchezo wangu wa Jumapili.

Hukuniacha nijifiche. Kila aliyebisha hodi ulimwonyesha picha ile. "Kazi ya mwanangu," ukiwaambia. Mwanakwaya mmoja akaniomba nipige harusi ya binti yake, na harusi ikazaa harusi. Ofisini bado nipo, Jumatatu hadi Ijumaa, lakini Jumamosi zangu zina wenyewe.

Jana nilikuwa Kabuga. Mvua ilimwagika katikati ya sherehe, umeme ukakatika, bibi harusi akaanza kulia kwamba siku yake imeharibika. Nikamwambia, "Dada, ngoja kidogo." Mvua ilipokatika nikawatoa nje yeye na mumewe, mawingu yakafunguka, na vilima vyote vikang'aa nyuma yao. Nilipomwonyesha, akanikumbatia, pindo la gauni limelowa.

Baadaye mshereheshaji akauliza mbele ya watu wote, "Mpiga picha wetu yuko wapi? Asimame tumwone!"

Sikugeuka kuangalia kama anamwita mwingine. Nilisimama, Shangazi, nikawapungia mkono.

Lala kwa amani.

Mwana wa kaka yako, ambaye ulimwita mwanao