Nukta za Baba kwenye Bendera ya Hajara

Mtaa wa Indiana,
Toledo, Ohio.
18 Mei 1924

Kaka yangu mpendwa Lonzo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oakland, wifi Idella amepona kikohozi chake, na Verlene anaota meno bila kuwanyima usingizi. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti la Shangazi Parthenia, ambalo humsumbua kila mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haijui kuacha. Shemeji yako Roscoe anakusalimu, ingawa tangu Alhamisi mimi na yeye hatusemezani vizuri. Nitakueleza.

Unajua kwamba wazungu wa mji huu wenye chama chao cha udugu, wale wavaao tarbushi, wametushtaki. Wanataka mahakama iwakataze Waungwana wetu wa Hekalu la Hajara, chama chetu sisi weusi, kuvaa tarbushi, kuamkiana kwa assalamu alaikum, na kubeba bendera yenye maandishi ya Kiarabu. Mkuu wao ameapa kwamba mwasisi wao alipewa maneno yale na sharifu mmoja wa Makka, na kwamba baba yetu, mwanzilishi wa Hekalu, aliyaiba siku alipowahudumia kwenye karamu yao. Kesi ni tarehe 9 Juni.

Tukishindwa, hata maiti zetu hatutaruhusiwa kuziwekea tarbushi kifuani. Mzee Gaddy, wa mwisho katika wale tisa walioanza na baba, hainuki tena kitandani. Kila nikimpelekea supu ananiuliza, "Binti, wataniacha niende na kofia yangu?" Nimeshamwambia ataenda nayo, na sina nia ya kumdanganya mtu anayekufa.

Jumatano nilikuwa nikishona upya pindo za bendera, uzi wa dhahabu ukaniishia. Nikaenda nayo dukani kwa Bwana Awada, yule Msiria wa upande wa kaskazini, nipate uzi wa kulingana. Niliitandaza juu ya meza yake. Aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Dada yangu, nani kakwambia uandike hivi?"

"Ni maneno matakatifu," nikamjibu, nimeshaanza kukasirika.

"Matakatifu wapi? Tende hizi, dada! Tende za Basra, daraja la kwanza. Waume zenu wanaandamana na tangazo la duka langu!"

Lonzo, nilitamani sakafu inimeze. Lakini unanijua, sikuondoka. Nilimtolea ile nembo ya wazungu iliyochapishwa gazetini, nikamwuliza, na hii je? Safari hii hakucheka. Aliigeuza huku na huku, akasema haisomeki. Herufi ni zile zile za bendera yetu, ila nukta haipo hata moja. Aliyeinakili alidhani ni uchafu wa nzi.

"Bila nukta, hata mimi niliyezaliwa na lugha hii nitakuwa nabahatisha tu," akasema. "Yako, dada, kila nukta imekaa pake."

Nilirudi nyumbani mbio mbio na swali moja. Kama baba alinakili kwao, nukta alizitoa wapi?

Nikakumbuka kwamba kabla ya kuwa mhudumu wa karamu, alipakua masanduku kwenye ghala la matunda miaka minne. Nikakumbuka pia lile sanduku dogo alilowekea wembe na brashi yake, lenye picha ya mtende na maandishi ya Kiarabu kwenye kifuniko. Wewe ndiye uliyeondoka nalo.

Nikamwuliza Shangazi juu ya yule Mwarabu wa maonyesho ya Chicago, anayesemekana alimpa baba maneno yale kwa siri. Yule ambaye habari zake husomewa kila Mwungwana mpya. Shangazi hakuacha hata kumenya viazi. "Mwarabu gani? Ndugu yangu hakuwahi kutia mguu Chicago. Msimu ule wote alikuwa na matubwitubwi, mimi ndiye niliyemnywesha uji." Nikamwuliza mbona amenyamaza miaka yote hii. Akasema hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nilimkasirikia baba, na nililia, sikufichi. Baadaye nikamfikiria kwenye karamu ile, amesimama na sinia mkononi, akiwatazama mabwana wakubwa wakiinamia maandishi ya masanduku aliyoyabeba mgongoni. Mtu mwingine angerudi nyumbani akacheka na mkewe, yakaisha. Yeye alikwenda kuwaita watu tisa.

Sasa kilichotugombanisha na Roscoe. Wakili wetu anataka aape habari za Mwarabu huyo, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa Hekalu. Nilimwambia haapi.

"Unataka mji mzima utuite Waungwana wa Tende?" akafoka.

"Watuite. Na wale wengine watakuwa Waungwana wa Tende wasiojua hata kuiandika."

Nilimwona kicheko kinamponyoka, akakimeza. "Ni baba yako unayemvua nguo hadharani, Arzelia."

"Ni baba yangu, ndiyo. Na wewe ni mume wangu. Huwezi kushika Biblia kwa ajili ya Mwarabu ambaye hakuzaliwa."

Jana wakili alikuja, nikamweleza yote mwenyewe. Akauliza tu sanduku liko wapi.

Kwa hiyo, kaka, toa nyembe zako humo, ulifunge vizuri, ulitume kwa posta ya rejista lifike kabla ya tarehe 3 Juni. Usilisugue wala kulipaka rangi. Najua kisa cha yule Mwarabu ulikipenda kuliko sisi sote. Ulipigana shuleni kwa ajili yake ukarudi na jino pungufu. Nisamehe. Ruhusa sikuombi, nakuomba sanduku. Lisipofika nitasimama na nukta zangu tu, na Bwana Awada ameahidi kuja kuzisoma.

Nisalimie wifi, mbusu Verlene, na umsalimie Binamu Cephus ukimwona huko bandarini. Shangazi anasema umwandikie na yeye, siyo kunipa mimi salamu za jumla.

Roscoe amepita hapa sasa hivi, amesoma juu ya bega langu bila kuombwa. Anasema kifuniko ukizungushie flana, kisije kikapasuka njiani.

Wakili wao ataniuliza kama sioni aibu. Jibu langu liko tayari. Baba alitudanganya juu ya Mwarabu, na kwa uongo huo watu arobaini na wanne wa mtaa huu wamezikwa kwa heshima ambayo mji haukuwapa hata siku moja wakiwa hai. Wa arobaini na tano atakuwa Mzee Gaddy. Mimi ni binti wa mwongo huyo, na bendera nimeishona mimi.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ainyoshe njia ya kifurushi chako.

Mdogo wako anayekupenda, hata ukinikasirikia,
Arzelia